Kupoza Kompyuta kwa Maji: Bajeti Ianzie Wapi?

Hoja iliyo mezani ni hii. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, mtengenezaji wa vibonzo na matangazo ya video, ana kompyuta yenye nguvu na ana akiba. Anataka kuijengea mfumo wake wa kwanza wa kupoza kwa maji, ule wa kuunganisha kipande kwa kipande, si ule unaouzwa ukiwa umefungwa tayari kiwandani. Je, ajenge? Na akijenga, fedha zianzie wapi?

Swali hili huulizwa sana, na mara nyingi hujibiwa kwa picha: mabomba yanayong'aa, maji ya rangi, taa. Mimi nataka lijibiwe kwa hesabu. Ndiyo maana nimetunga sauti tatu na kuzikalisha pamoja. KIJANA ndiye mwenye mashine. DADA ni dada yake mkubwa, mhasibu, na akiba yenyewe ni ya ofisi yao wawili. FUNDI ni mtu mzima wa Kariakoo aliyeanzia gereji akaishia kwenye kompyuta. Nami nitaingia kati pale ninapoona lazima, maana katika hili nina upande.

Mashine yenyewe ni hii. Prosesa ni Ryzen 9 5950X, ambayo AMD waliitoa Novemba 2020. Kwenye karatasi imeandikwa wati 105, lakini kwenye kazi nzito inaruhusiwa kufika wati 142. Kadi ya picha ni GeForce RTX 3090 ya Nvidia, ya Septemba 2020, yenye kumbukumbu ya GB 24 na inayokula wati 350. Aliipata mtumba. Vyote viwili vikifanya kazi kwa nguvu zote, ni wati 492, na zote hizo huishia kuwa joto.

KIJANA: Shikamoo fundi. Naanza na sababu, maana najua dada atasema huu ni urembo tu. Chumba changu ndicho ofisi na ndicho studio. Nikirenda tangazo, feni za kadi zinavuma mpaka sauti inaingia kwenye maikrofoni. Inabidi nisimamishe kazi, nirekodi simulizi, halafu nianze upya. Mteja anasubiri.

FUNDI: Marahaba. Kelele ni sababu, nimeikubali. Una nyingine?

KIJANA: Joto la kumbukumbu za kadi. Nikifungua programu ya HWiNFO wakati wa kurenda, naona nyuzi 104.

FUNDI: Hapo umegusa penyewe. Kadi hiyo ina chipu 24 za kumbukumbu, 12 upande wa mbele na 12 upande wa nyuma. Feni na chuma chote kizito viko mbele. Nyuma kuna bati tu limebandikwa. Chipu za aina hiyo zikikaribia nyuzi 110 kadi inajipunguzia kasi yenyewe, na wewe utaona kazi imechelewa bila kujua kwa nini.

DADA: Nimewasikia. Sasa nami niulize. Kabla ya kwenda kwenye maji, mmeshajaribu nini cha bei ndogo?

KIJANA: Dada, mambo ya bei ndogo ni ya kupoteza muda.

DADA: Jibu swali, mdogo wangu.

FUNDI: Ana haki ya kuuliza. Yapo matatu. La kwanza, kuifungua kadi, kuipuliza vumbi kwa bloa, kubadilisha pesti na zile pedi za joto zinazokaa juu ya kumbukumbu. Kadi ya mtumba ya miaka hiyo, pedi zake mara nyingi zimekauka. La pili, kuishusha nguvu kwa programu, kutoka wati 350 mpaka 300 au hata 280. Kasi inapungua kwa asilimia chache tu, lakini joto na kelele vinapungua kwa kiasi unachokisikia kwa masikio. La tatu, kuongeza feni za kasha ili hewa ipite vizuri.

DADA: Na vyote vitatu vinagharimu kiasi gani?

FUNDI: Kushusha nguvu ni bure. Pedi, pesti na feni mbili, havifiki hata theluthi moja ya bei ya bloku ya maji, kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya chipu za kadi hiyo.

DADA: Basi mjadala umekwisha.

Haujakwisha, ila swali la Dada ndilo linalorukwa katika bajeti nyingi za aina hii, na kwangu ndilo la kwanza. Maji yasinunuliwe kutibu pedi zilizokauka. Kijana afanye hayo matatu, afanye kazi yake ya kawaida kwa wiki mbili, aandike joto la kadi, joto la kumbukumbu na joto la chumba, kisha arekodi sauti mashine ikiwa inarenda. Rekodi ikitoka safi, hana sababu ya kununua maji. Kama uvumi bado umo, sasa ana sababu yenye ushahidi, na ana namba za kulinganisha siku mfumo mpya utakapowaka. Tuchukulie amefanya hivyo, na uvumi bado umo.

DADA: Sawa. Lakini niambieni kitu kimoja. Nilidhani maji yataleta ubaridi. Chumba kile Januari ni tanuri.

FUNDI: Hapana mama. Maji hayaleti ubaridi, yanahamisha joto tu. Yanalitoa kwenye chipu, yanalipeleka kwenye rejeta, feni zinalimwaga chumbani. Na maji hayo hayawezi hata siku moja kuwa baridi kuliko hewa ya chumba. Chumba kikiwa nyuzi 31, mfumo uliopangwa vizuri utakuwa na maji ya nyuzi 41 hivi kazi ikipamba moto, na kadi itakaa kwenye hamsini na kitu badala ya sabini na kitu au themanini. Mtu wa Nairobi mwenye chumba cha nyuzi 22 akifunga vitu vilevile, namba zake zote zitakuwa chini kwa nyuzi 9. Hajatushinda ufundi, katushinda hali ya hewa.

DADA: Kwa hiyo wati 492 zitabaki chumbani vilevile?

FUNDI: Zote.

DADA: Na bili ya kiyoyozi itabaki vilevile?

FUNDI: Vilevile.

KIJANA: Hilo sikulijua.

Wengi hawalijui, na linabadilisha bajeti. Mtu wa pwani anayedhani rejeta kubwa itampoza yeye pia atajikuta amenunua mfumo wa gharama na bado anatoka jasho. Ninachoweza kusema kwa faraja ni kwamba, kwa sababu maji hayashuki chini ya joto la chumba, mipira haitoi jasho la umande, hata kwenye unyevu wetu wa Masika. Hofu hiyo iwekwe kando.

KIJANA: Basi turudi kwenye mpango wangu. Nimeandika hivi. Bloku ya prosesa dola 90. Bloku ya kadi, pamoja na ile ya kupoza mgongo wake, dola 200. Pampu aina ya D5 ikiwa na tangi lake dola 170. Rejeta mbili za milimita 360, dola 75 kila moja. Jumla dola 610. Tukichukulia dola moja ni shilingi 2,600, ni shilingi 1,586,000. Akiba inatosha na chenji inabaki.

DADA: Nipe hiyo karatasi.

FUNDI: Dada yako kabla hajasema, mimi nikuulize. Rejeta hizo zitapulizwa na nini?

KIJANA: Feni zi... Eh. Feni sita.

FUNDI: Kila rejeta ya 360 inabeba feni tatu za milimita 120. Na mpira utaingiaje kwenye bloku?

KIJANA: Kwa fitingi.

FUNDI: Ngapi?

KIJANA: Kila kifaa mbili. Bloku mbili, rejeta mbili, pampu. Kumi. Na za kona.

FUNDI: Weka 14. Na siku ya kumwaga maji utamwagia wapi? Weka koki. Na utajuaje haivuji kabla hujawasha? Weka pampu ya mkono yenye geji. Na maji ya joto gani yanapita humo? Weka kipima joto cha maji, ndicho kitakachoziongoza feni. Na maji yenyewe.

DADA: Nimeshaandika. Feni sita kwa dola 15 ni 90. Mpira mita chache, 25. Fitingi 14 kwa dola 6 ni 84. Kulanti, yaani hayo maji yenyewe, 25. Kipima joto 20. Koki 10. Pampu ya kupimia 30. Tumetoka 610 tumefika 894. Na mzigo haujapanda ndege. Rejeta ni za shaba, ni nzito. Weka usafiri dola 90, inakuwa 984. Ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 1,161. Hapo sijagusa ushuru wa forodha.

KIJANA: Vifaa vya kompyuta si havina ushuru?

DADA: Kompyuta yenyewe, katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, iko kwenye asilimia sifuri. Lakini wewe unaleta pampu, mipira, rejeta na viungio vya shaba. Kila kimoja kina namba yake ya forodha, na viwango vya jumuiya vinaanzia 0, vinapita 10 na 25, vinafika 35. Usinunue kabla wakala hajaona orodha. Halafu mimi sipitishi bajeti isiyo na akiba ya dharura. Asilimia 15. Jumla dola 1,335. Kwa shilingi ni 3,471,000.

KIJANA: Imezidi mara mbili.

DADA: Imezidi mara mbili, na hakuna hata senti moja ya kitu kipya. Ni vitu vilevile ulivyokuwa unavihitaji tangu asubuhi.

Bei hizo ni makadirio ya kupangia tu. Zitapanda na kushuka, na vifaa vya Bykski au Barrow kutoka China vitapunguza baadhi ya mistari, wakati vya Ujerumani, kama Watercool na Aqua Computer, vitaipandisha. Lakini umbo la hesabu halibadiliki. Mjenzi wa mara ya kwanza huorodhesha vitu vinavyopigwa picha. Nusu ya pili ya fedha inakwenda kwenye vitu visivyopigwa picha: fitingi, koki, usafiri, kodi, akiba. Laiti kila anayeanza angeanza kuandika karatasi yake kutokea chini kwenda juu.

FUNDI: Na kuna jambo la kufanya kabla ya hesabu yoyote. Hiyo bloku ya kadi, umeichagua kwa jina la kadi?

KIJANA: Ndiyo, ya RTX 3090.

FUNDI: Hapo ndipo watu wanapotupa pesa. RTX 3090 si bodi moja. Nvidia wana yao, ambayo imekatwa umbo la peke yake. Kuna inayofuata mchoro wa kawaida, na kampuni nyingine kila moja imechora ya kwake, koili na kapasita ziko mahali tofauti. Bloku ni kipande cha shaba kilichochongwa kufuata bodi moja. Ukileta ya bodi nyingine haitakaa, na ukilazimisha utavunja kitu. Fungua kadi, soma namba ya bodi, piga picha pande zote mbili, ndipo utafute bloku. Na kadi ni ya 2020, watengenezaji hawachongi bloku za kadi moja milele. Usipoipata, mpango mzima unaanguka, na ni heri uanguke kabla hujanunua rejeta.

KIJANA: Nimeelewa. Basi bloku kwanza.

FUNDI: Bloku kwanza. Halafu chukua futi upime kasha. Rejeta unene wake milimita 30, feni 25, hiyo ni 55 kutoka kwenye dari. Je, haitagonga vijiti vya kumbukumbu juu ya mazabodi? Ya mbele je, kadi itapita?

KIJANA: Sasa tuje kwenye mabomba. Hapa sitakubali kirahisi. Nataka mabomba magumu yanayoonyesha ndani, yaliyopindwa kwa moto, na maji meupe kama maziwa. Wateja wanakuja ofisini. Kompyuta ile ni tangazo letu. Dada, mtengeneza picha anayefanya kazi kwenye boksi jeusi lisilo na sura anauza nini?

DADA: Hilo la wateja nalipa uzito. Nimeona mtu anavyoangalia ofisi kabla hajataja bei.

FUNDI: Nami napenda kitu kizuri. Lakini nisikilize. Bomba gumu la bei nafuu ni PETG. Linapindika kirahisi kwa bunduki ya joto, ndiyo maana wanaoanza wanalipenda. Tatizo ni kwamba plastiki hiyo huanza kulegea maji yakielekea nyuzi 60. Ulaya, maji yakiwa 32, una nafasi kubwa ya makosa. Sisi tunaanzia 41. Pampu ikisimama, au feni ya rejeta ikifa usiku ukiwa umelala na mashine inarenda, unafika huko haraka. Bomba likilegea ndani ya fitingi, linachomoka.

KIJANA: Kuna akriliki.

FUNDI: Akriliki inastahimili joto zaidi, lakini ni ngumu kukata na kupinda, inapasuka. Utaharibu mabomba kadhaa kabla ya moja kutoka sawa. Na kila ukitaka kubadilisha kijiti cha kumbukumbu au diski, utafungua bomba, utamwaga maji. Mpira mweusi wa EPDM unakatwa kwa kisu kikali, unasukumwa, unakazwa, basi. Unaweza kuivuta kadi pembeni bila kufungua kitu. Haupitishi mwanga, kwa hiyo mwani hauoti kirahisi ndani.

KIJANA: Basi mpira wa PVC unaoonyesha ndani, tukutane katikati.

FUNDI: PVC hutoa kile kilainishi chake taratibu, kinaingia kwenye maji. Bloku ndani ina mifereji myembamba isiyofika nusu milimita. Baada ya miezi unafungua unakuta utando umejaa humo. Hayo maji meupe nayo ni hivyo hivyo. Weupe ule ni chembe zinazoelea, na chembe zikichoka zinatua, na zinatua palepale kwenye mifereji. Yametengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya siku chache.

KIJANA: Kwa hiyo kila kizuri ni kibaya.

FUNDI: Sijasema hivyo. Nasema cha kwanza kiwe cha kukufundisha. Fitingi za mpira na rejeta na pampu utabaki navyo. Uzi wa fitingi ni mmoja kwa kampuni zote, G1/4. Mwaka kesho ukijua mkono wako, nunua akriliki.

Hapa mimi niko na Fundi, na si kwa sababu nadharau uzuri. Kijana anaposema mashine ni tangazo, anasema kweli, na kazi ya mikono iliyonyooka inastahili kuonekana. Lakini mfumo wa kwanza hufunguliwa mara nyingi kuliko mwenyewe anavyodhani: hewa haijatoka, fitingi imekaa vibaya, rejeta igeuzwe. Kila ufunguzi kwenye mpira unakula dakika. Kwenye bomba gumu unaweza kula jioni nzima na bomba jipya juu yake. Tena mpira mweusi uliopangwa kwa mistari safi, fitingi zote za rangi moja, una heshima yake machoni mwa mteja.

Jambo dogo la kuangalia ukiagiza: mpira una namba mbili, upana wa tundu la ndani na upana wa nje. Mpira wa 10/16 unataka fitingi ya 10/16. Fitingi ya 10/13 itaingia ndani ya tundu vizuri kabisa, halafu kola ya kukazia haitapita. Hili linawakwamisha watu kwa wiki tatu wakisubiri kifurushi kingine.

DADA: Mnaongea kama kuvuja hakupo. Maji na umeme ndani ya boksi moja, na kazi za wateja ziko humo.

FUNDI: Kupo, sikufichi. Mwaka 2004 Apple waliuza Power Mac G5 iliyopozwa kwa maji, kampuni kubwa yenye wahandisi, na baadhi ya mashine zile zilivuja. Ndiyo maana kuna utaratibu. Fitingi hizi zinazuia maji kwa oringi ya mpira, si kwa uzi. Fundi bomba akizoea kufunga tepu nyeupe kwenye uzi, hapa aiache, maana inaizuia oringi isikae sawa. Unakaza kwa mkono, si kwa spana. Kabla ya maji unapiga hewa, nusu bar tu, unaangalia geji kwa nusu saa. Sindano ikishuka, kuna mahali panavuja, na hujalowesha kitu. Ikitulia, unajaza maji na kuwasha pampu peke yake, mazabodi haina umeme, umetandaza karatasi za jikoni chini ya kila kiungo. Iache izunguke, itoe hewa, hata usiku kucha.

DADA: Wanasema kuna maji yasiyopitisha umeme.

FUNDI: Maji safi kabisa hupitisha kidogo mno. Lakini yakishazunguka kwenye shaba na nikeli kwa wiki kadhaa si safi tena. Usiweke imani yako hapo, iweke kwenye geji. Na kazi za wateja ziwe na nakala kwenye diski ya nje, maji yawepo yasiwepo.

KIJANA: Kulanti naweza kutumia maji ya betri?

FUNDI: Soma chupa. Dukani zinakaa jirani: maji yaliyochujwa kwa ajili ya kuongezea betri, na asidi ya betri. Maji yale yaliyochujwa yanafaa kuwa msingi, lakini peke yake hayatoshi. Yanahitaji dawa ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu. Kwa mara ya kwanza nunua kulanti ya kompyuta iliyochanganywa tayari, isiyo na rangi. Na ndani ya mfumo kuwe na shaba, nikeli na shaba nyeupe tu. Alumini hapana. Shaba na alumini zikikutana kwenye maji yale yale, alumini ndiyo inayoliwa. Kuna seti za bei poa zenye rejeta za alumini, usizichanganye na bloku ya shaba.

DADA: Umeme ukikatika katikati ya kurenda?

FUNDI: Pampu inasimama na joto nalo linasimama, hakuna kitakachoungua. Shida ni kazi iliyopotea. UPS yako ni ya ukubwa gani?

KIJANA: 650 VA.

FUNDI: Hiyo haifiki wati 400. Mashine yako inataka karibu 500 bila kuhesabu skrini, na hiyo kadi ina tabia ya kuruka ghafla juu ya wati zake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nvidia wenyewe walishauri pawa saplai ya wati 750. UPS yako ya sasa itazima siku utakayoihitaji.

DADA: Kwa hiyo tunajadili kupoza mashine ambayo hatujailinda na umeme.

Sentensi hiyo ya Dada ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Akiba ni moja. Shilingi iliyokwenda kwenye rejeta ya pili haikwenda kwenye UPS. Na hapa ndipo Fundi alipoleta njia ambayo Kijana hakuiona kwenye picha yoyote.

FUNDI: Prosesa yako inapozwa na nini sasa?

KIJANA: Kipoza hewa kikubwa, feni mbili.

FUNDI: Inalalamika?

KIJANA: Hapana. Kelele yote ni kadi.

FUNDI: Basi iache. Wati 142 hewa inazimudu. Tena prosesa hizi chipu zake ni ndogo sana, joto linabanwa kwenye eneo dogo, hata maji hayaleti tofauti kubwa kama kwenye kadi. Weka maji kwenye kadi peke yake. Wajenzi wana kanuni yao ya mkono: feni moja ya 120 kwenye rejeta kwa kila wati 100 hivi, ukitaka ikae kimya. Kadi ukiishusha iwe wati 300, rejeta moja ya 360 inatosha.

KIJANA: Na mpangilio? Maji yaingie kwanza kwenye rejeta au kwenye kadi?

FUNDI: Popote. Maji yakizunguka lita 3 kwa dakika, hata wati zako zote 492 zingeyapandisha nyuzi 2 na kidogo tu kwa mzunguko. Fuata njia fupi. La msingi ni tangi liwe juu ya pampu ili pampu isizunguke kavu, na koki iwe sehemu ya chini kabisa.

DADA: Bloku ya kadi 200, pampu na tangi 170, rejeta moja 75, feni tatu 45, mpira 25, fitingi nane 48, kulanti 25, kipima joto 20, koki 10, pampu ya kupimia 30. Ni 648. Usafiri 60. VAT. Akiba asilimia 15. Dola 960. Shilingi 2,496,000, ushuru bado.

KIJANA: Tumeokoa karibu milioni moja.

DADA: Hatujaokoa. Imekwenda kwenye UPS.

KIJANA: Na kila mwaka?

FUNDI: Chupa ya kulanti na siku moja ya kazi. Unamwaga, unaangalia bloku, unapuliza vumbi kwenye rejeta. Vumbi la kwetu, rejeta ipulizwe kila mwezi, usisubiri mwaka.

Hukumu yangu ni kwamba Kijana ajenge, lakini ajenge nusu. Kadi ipate maji, prosesa ibaki na hewa, mpira uwe mweusi, chuma kiwe shaba. Anayo sababu moja ya kweli, nayo ni ukimya wakati wa kurekodi, na sababu hiyo inatosha kulipia shilingi milioni mbili na nusu kwa mtu anayekula kwa sauti na picha. Haitoshi kulipia milioni tatu na nusu. Wewe msomaji unayepanga wa kwako, kama kompyuta yako ni ya michezo ya jioni na hairekodi sauti, kipoza hewa kizuri na pedi mpya vitakufikisha. Kama una kazi kama ya Kijana, anza kwa wiki mbili za kupima, kisha namba ya bodi ya kadi, kisha orodha kwa wakala wa forodha. Agizo la kwanza liwe bloku ya kadi, na usilipie kitu kingine chochote mpaka umeishika mkononi na kuiona imekaa kwenye bodi yako.